Salamu Iliyojituma Yenyewe

"Salamu ya Idi haitangulii mwezi." Ndivyo nilivyomwambia Anyelwisye asubuhi hii, alipotaka tuandae pongezi za matokeo ya kidato cha nne kabla hayajatoka. Mkacheka, kisha mkaniuliza nimeitoa wapi. Sikuitoa vitabuni, wanangu. Ilizaliwa kwenye ofisi hii, na aliyeileta alikuja kwa baiskeli.

Alikuja Jumatano moja, miaka tisa iliyopita, bila kutazamiwa na mtu. Mzee mrefu, tope limemfika magotini, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo isinaswe na mnyororo. Aliyemfungulia mlango alikuwa Skolastika.

Huyo Skolastika ndiye aliyeshika ukurasa wetu wa mtandaoni, ule wa kuzungumza na shule tunazozisaidia. Binti wa Mpanda, Mkatoliki, mchapakazi kupita sisi sote. Ukutani, hapo penye kabati, alikuwa amebandika mpango wa mwezi mzima: chemshabongo kwa kalamu ya kijani, sikukuu kwa nyekundu. Kila chapisho aliliandika mapema, akaliwekea saa, nalo likajituma lenyewe. Mimi, mkuu wa ofisi, niliusaini mpango wa mwezi wa Ramadhani bila kuusoma hadi chini. Kosa hilo ni langu, na nalisema kwanza.

Jumatatu ya wiki ile ukurasa uliziuliza shule: "Mwaka huu mfungo wa Ramadhani utakuwa wa siku ngapi?" Shule ya kwanza kujibu sahihi ingepewa boksi la vitabu vya hadithi. Skolastika alikuwa amehesabu kwenye kalenda ya ukutani, akapata ishirini na tisa. Majibu yakamiminika, nayo karibu yote yakawa ishirini na tisa, maana kila shule ilinakili ya juu yake. Mtu mmoja tu aliandika arobaini, nadhani kwa sababu ya njaa. Na shule moja ya kijijini, Itundamilo, ikaandika: "Bado hatujui. Kesho jioni tutatazama mwezi."

Skolastika akawajibu kwa utani: "Poleni, swali linataka namba, siyo hadithi." Watu wakacheka sana.

Jumanne jioni mwezi haukuandama. Redio ikatangaza kwamba kesho yake tufunge, tukamilishe thelathini. Lakini chapisho halisikilizi redio. Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, likajituma: "Idi Mubarak! Jibu sahihi ni siku 29."

Skolastika, asiyejua lolote, alikuja ofisini akidhani ni sikukuu, achague mshindi kwa utulivu. Alipomwona yule mzee mlangoni akamchangamkia.

"Shikamoo, mzee wangu, na Idi njema! Karibu ndani, chai iko tayari."

Mzee akaitazama chai, akamtazama na yeye. "Marahaba. Nimefunga, mwanangu."

"Umefunga? Si leo ni Idi?"

"Kwa nani?"

Niliingia hapo hapo, ninahema, simu mkononi, maana salamu nilikuwa nimeiona njiani. Skolastika akanigeukia. "Bi Ramla, na wewe umefunga?"

"Tumefunga sote, Skola. Aliyefungua ni kalenda yako."

Mzee akajitambulisha: Mwalimu Kapalata, wa Itundamilo. "Mama mkwe wangu amesomewa salamu yenu na mjukuu wake," alisema, "akanywa uji bakuli zima. Sasa amenuna, anasema mtamlipa siku yake."

Nilibana midomo nisicheke. Yeye hakucheka.

"Hilo atalimaliza mwenyewe. Mimi nimekuja kwa ajili ya watoto. Jana darasa la tano lote lilipanda jabali lililo nyuma ya shule kutazama mwezi. Wamekaa hadi giza, hawakuuona. Asubuhi simu yangu inawaambia wamekosa. Mtoto aliyeandika lile jibu, Tausi, ameniuliza, 'Mwalimu, mbona walionakili wamepata, na sisi tuliokwenda kutazama tumekosa?' Nimeendesha saa tatu nije nimchukulie jibu."

Skolastika akaketi. Mimi, niwaambie kweli, nilitaka tuifute ile salamu kimyakimya. Wafadhili walikuwa wakiusoma ukurasa ule.

"Niliwacheka mbele za watu, Bi Ramla," akasema. "Siwezi kuwaomba radhi chumbani."

Akaandika: "Tumeutangulia mwezi. Leo siyo Idi, na jibu letu si sahihi. Tulipouliza, hakuna aliyekuwa akijua. Shule ya Itundamilo peke yake ndiyo iliyosema hivyo, kisha ikaenda kutazama. Tuliwacheka, tunawaomba radhi. Vitabu ni vyao." Akautuma ujumbe kabla sijamzuia, na hadi leo nashukuru kwamba sikumwahi.

Boksi lilikuwa zito, halikufaa kupakiwa kwenye baiskeli ya mzee. "Mwalimu, mwambie Tausi kesho, siku ya Idi, nitawaletea mwenyewe," Skolastika akasema.

Mzee alipoondoka nilimwonyesha Skolastika mpango wake ukutani. Kwenye Alhamisi, kwa kalamu ya buluu, alikuwa ameandika: "Treni, Mpanda. Ubatizo." Dada yake alikuwa amemchagua awe mama wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, Jumapili. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, mabasi hayapiti, na treni iliyofuata ingemfikisha ubatizo umekwisha. Idi ingekuwa Jumatano kama alivyopanga, angewahi yote.

"Boksi litakwenda Jumatatu," nikamwambia. "Watoto wataelewa."

"Tumewapa salamu kabla ya mwezi, Bi Ramla. Ahadi nayo tusiitimize baada ya Idi."

Akatoka nje na simu. Nilisikia sentensi moja tu: "Basi mtafutieni mtoto mama mwingine."

Alhamisi, baada ya swala, tulikodi guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Kwenye kijito lilikwama, tukavua viatu tukalisukuma. Watoto walitungoja juu ya jabali lao, wamevaa nguo za sikukuu, wakatuona kwa mbali na kuteremka mbio. Tausi ndiye aliyelifungua boksi. Alikitoa kitabu cha kwanza, akakinusa, akampa aliyekuwa nyuma yake. Mama mkwe wa Mwalimu akatuletea sinia la pilau. "Kuleni," akasema. "Leo ni Idi kweli. Nimeuliza watu watatu."

Tukiwa tunakula, Tausi akamsogelea Skolastika, uso umejaa utundu. "Dada, na Idi ya mwakani itakuwa lini?"

Mkono wa Skolastika ulianza kuifuata simu mfukoni. Ukasita, ukarudi.

"Bado sijui," akasema. "Tutatazama mwezi."

Watoto wakapiga makofi kana kwamba amejibu chemshabongo ngumu kuliko zote. Mwalimu Kapalata akatikisa kichwa, anatabasamu. "Amejua huyu. Salamu ya Idi haitangulii mwezi."

Saa hiyo treni ya Mpanda ilikuwa imeshaondoka. Skolastika alitazama saa mara moja, akaivuta kanga aliyopewa aketie, akamsogezea Tausi nafasi, wakaanza kusoma ukurasa wa kwanza.

Basi, Anyelwisye, pongezi ziandike ukipenda, ziwe tayari. Ila usiziwekee saa. Salamu ya Idi haitangulii mwezi.