Kiungo cha Waya cha Muthoki

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Anayekurupuka huambulia vumbi, anayejua kunyemelea hushiba. Wenye pupa husikia hivyo wakacheka, nami nawaachia kicheko chao. Laiti wangekuwako Kathonzweni asubuhi ile.

Pampu ya kisima cha kanisa ilikuwa imezimika wiki tatu. Fundi mmoja wa kupita alipima chapuchapu, akasema umeme unavuja chini kisimani, mahali ambapo Muthoki, mama yake Mutindi na mtunza pampu, aliunga waya kwa mikono yake. Tangu siku hiyo Muthoki hakuwa na raha. Kazi ya miaka tisa ilikuwa ikimponyoka, na akina mama waliorudi kuchota maji mtoni walimtazama kwa jicho la pembeni.

"Leo tunaamua," alisema Mzee Musyimi, mwenyekiti wa kamati. "Ikipimwa tena ikuwe mbaya, Mama Mutindi, utatuachia funguo."

Aliyekuja kupima ni Nthenya, mwalimu wa chuo cha ufundi. Alibeba kisanduku cha bati alichokiunda kwa miaka miwili, kinachotoa umeme mdogo mno, usioweza kuwasha hata tochi, lakini usioyumba. Alitenganisha waya wa kisimani na sanduku la swichi, akauunga kwenye kisanduku chake, akawasha. Namba iliyotokea ilikuwa ndogo, na namba ndogo ni dalili ya umeme unaovuja.

"Si mnaona?" alisema Musyimi, akikizunguka kisanduku na koti lake la nailoni. "Inavuja. Leta funguo."

Muthoki alitia mkono mfukoni, machozi yakimlengalenga.

"Mzee, kaa kwanza," Nthenya alisema kwa upole. "Hiyo koti yako inatoa umeme wake, inasumbua namba. Waya ni mrefu na huu umeme ni kidogo sana, lazima tungoje ujae. Ni kama kisima cha mchanga kule mtoni. Ukichota saa hiyo hiyo, unapata tope."

Mzee akaketi, kwa kuwa hilo alilijua tangu utotoni.

Wakangoja. Jua lilitambaa ukutani, njiwa wakalia juu ya mabati, watu wakawa kama waliosinzia macho wazi. Namba ilipanda kidogo, ikapanda tena, na Muthoki akahisi kama ni yeye anayevutwa taratibu kutoka kilindini. Hakuna aliyejua kama ni nusu saa imepita au siku nzima. Mwishowe namba ikafika juu kabisa, ikatulia.

"Waya ni mzima," Nthenya alisema. "Kiungo cha Mama Mutindi hakina shida yoyote."

Wakafungua sanduku la swichi, ambalo fundi wa kwanza, kwa haraka zake, alilipima pamoja na waya. Mchwa walikuwa wamelijaza udongo mbichi, na umeme ulikuwa ukivujia humo. Muthoki alilisafisha mwenyewe, akalikausha, akawasha pampu. Maji yakaja, mekundu kwanza, kisha safi.

"Mama, nilikuwa nimeshakuhukumu," Musyimi alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe."

Muthoki alikinga mtungi, akautazama ukijaa hadi shingoni, naye mzee akasimama akingoja, kofia mkononi.

"Nimekusamehe," akasema.

Hakika, simba mwenda pole ndiye mla nyama.