Kamera ya Bi Mize

Palikuwa na Sultani mmoja, Haidari, ambaye tumbo lake lilikuwa likiingia barazani kabla yake. Huyu alitaka picha yake itundikwe sokoni, na wa kuitengeneza alikuwa mmoja tu: Bi Mize wa kibandani, mwenye kompyuta kuukuu na ulimi mpya. Kompyuta ile ilikuwa na akili mnemba. Unaiandikia maneno, inakuchorea picha. Unaiambia kamera isimame wapi, nayo inasimama, ingawa kamera yenyewe haipo! Msinikodolee macho, ndivyo ilivyokuwa.

Bi Mize akaiweka kamera chini, Sultani aonekane mrefu kama mnara.

"Pua gani hizi?" Sultani akafoka. "Mapango?"

Bi Mize akaipandisha juu, mahali pa mwewe.

"Umenichora kipara!"

"Nimekikuta, Bwana."

Ubavuni, tumbo. Mbele, makengeza. Nyuma, shingo imejikunja kama chapati. Sultani akavimba.

"Sikiliza, mwanamke! Kesho asubuhi nataka picha yangu nikiwa karamuni. Kamera isikae chini wala juu, mbele wala nyuma, wala ubavuni. Na mimi niwe mkubwa kuliko kila kitu! Ukishindwa, kibanda chako ni zizi la punda wangu."

"Na nikiweza?"

"Hakiguswi milele." Akamgeukia kadhi aliyefuatana naye. "Kadhi, andika!"

"Huongezi sharti, Bwana?" akauliza Bi Mize.

"Siongezi!"

"Basi waambie punda wasifungashe virago."

Asubuhi baraza likafurika. Bi Mize akafunua picha. Lo! Mikono miwili minene yenye pete za Sultani, sinia la pilau, na tumbo ndani ya joho la zari, limeijaza picha kama kilima.

"Upuuzi! Uso wangu uko wapi?"

"Uso uko mbele, Bwana, na mbele ulikataza."

"Kwani kamera umeiweka wapi?"

"Palipobaki. Ndani ya macho yako. Hivi ndivyo unavyoona ukiketi kula."

Kadhi akapitisha kidole kwenye masharti. "Si chini, si juu, si mbele, si nyuma, si ubavuni. Na ukubwa..." Akakohoa kuficha kicheko. "Ukubwa upo. Kibanda ni chake."

Sultani akaing'ang'ania picha kwa macho, akitafuta pa kumkamatia. Akapata!

"Ngoja kwanza! Karamuni raia wangu wote husimama mbele yangu. Mbona hapa simwoni hata mmoja?"

"Wapo, Bwana," akasema Bi Mize. "Wako nyuma ya tumbo."