Uso wa Nakiete

Hapo zamani, huko milimani Upare, aliishi mwanamke aitwaye Nakiete, na mumewe Mbonea, na binti yao wa pekee, Naelijwa. Nasimulia kama nilivyosimuliwa. Kuamua mtaamua ninyi.

Nakiete alipata maradhi ya kutetemeka. Mikono ikatetemeka, uso ukakauka. Akifurahi, uso mkavu. Akilia moyoni, uso mkavu. Hata sauti ikawa moja tu. Watu wakasema amekuwa na roho ngumu, na Naelijwa naye akaamini.

Mbonea naye akapigwa na kiharusi. Miguu ikapona, ulimi ukapona, lakini kitu kimoja hakikurudi: mtu akinuna mbele yake hajui, akilia hajui.

Wakaenda kwa daktari. Daktari akapanga picha za nyuso mezani.

"Huyu ana nini?"

"Ana hofu," akajibu Nakiete. "Huyu ana hasira. Huyu anatabasamu, lakini ana huzuni." Hakukosa hata moja.

"Sasa nioneshe wewe uso wa hofu."

Uso haukusogea.

Nakiete akatoka nje, na Mbonea akaoneshwa picha zilezile. Kila picha akasema, "Mtu tu."

Daktari akamweleza Mbonea peke yake, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. "Mzee, wewe husomi nyuso tena. Mkeo anazisoma, ila uso wake mwenyewe umekufa kwa maradhi, si kwa roho mbaya. Akikwambia jambo, msikilize."

Mbonea akaona haya. Mwanamume mzima, asimjue anayelia na anayecheka? Hakumwambia mkewe, hakumwambia binti yake.

Naelijwa akaolewa ng'ambo ya bonde. Mwaka haujaisha, akarudi na furushi, ana mimba ya miezi sita.

"Kuna nini huko?" baba akauliza.

"Hakuna kitu, baba. Nimekuja kuwasalimu."

Nakiete akamtazama mwanawe. Akaona anavyoshtuka kila mlango ukilia. Akaona hofu ileile ya kwenye picha. Akasema, "Baba Naelijwa, mtoto anaogopa. Asirudi." Akalisema kama anayesema uji umeiva.

"Umejuaje?"

"Nimemwona usoni."

"Hata mimi nina macho," Mbonea akasema. "Mwenyewe kasema hakuna kitu."

Nakiete hakurudia. Siku ya tatu Naelijwa akafunga furushi. Mlangoni akageuka kumtazama mama yake, akangoja. Uso mkavu. Akaondoka.

Wiki mbili hazikupita, akaletwa kwenye machela. Mimba imetoka, jicho la kushoto limepasuka. Mume wake alifungwa; huyo hatumuulizi, kosa lake linajulikana.

Ukoo ukaleta kondoo wa kuitakasa nyumba. Desturi ilikuwa hii: aliyemwacha binti arudi kwa mumewe ndiye aishike kamba ya kondoo, aseme mbele ya watu, "Ni mimi."

Mbonea akasema, "Mimi mgonjwa, nyuso sizioni. Nilishika alichosema yeye mwenyewe."

"Ulijua huzioni, baba, ukaficha," Naelijwa akasema.

"Na wewe ulinidanganya!"

"Ningemwambia nani? Nilimtazama mama, nikaona hanijali."

Daktari, aliyekuja kulifunga jicho, akasema, "Mimi nilieleza yote, kwamba uso wa mama ni maradhi, na nyuso anazisoma."

"Ulimweleza nani?" Nakiete akauliza. "Nilisema mara moja kuwa mtoto anaogopa, sikusikilizwa. Uso ni wangu. Ulimweleza nani?"

Daktari akamtazama Mbonea.

Ndipo Naelijwa akamgeukia mama yake. "Kumbe uliniona. Uliniona, mama, ukasema mara moja tu. Mikono hata kama inatetemeka, ulikuwa nayo. Mbona hukunishika?"

Ndani yake Nakiete alikuwa akipiga mayowe. Watu wakamtazama, wakaona mwanamke aliyekaa tu.

Kondoo amesimama, kamba iko chini, na Naelijwa anangoja. Je, ninyi mnaonisikiliza, nani aiokote?