Msitu wa Nakiete

Hapo zamani, milima ilipokuwa ingali inaota ndoto, mlima Kwamsere uliota kwamba umebaki uchi. Ukaamka, ukakuta ni kweli. Watu walikuwa wamekata kuni, wamechoma mkaa, wamelima mpaka kileleni, kisha wakahama. Yakabaki magugu, na ukungu uliopita kila asubuhi bila kupata pa kukaa. Chemchemi ikakauka.

Mlima ule ulikuwa wa mjane mmoja, Nakiete. Akawaita wanawe watatu.

"Wanangu, desturi yetu mnaijua. Shamba hugawanywa, msitu haugawanywi. Hupewa mmoja, na wenzake huweka mapanga chini, wakatoka, wasiingie tena hadi kufa kwao. Atakayenirudishia chemchemi ndiye atakayebaki."

Wakaukata mlima mafungu matatu, wakaweka mawe ya mpaka.

Kajiru, kifungua mimba, akaotesha miche ndani ya maganda makavu ya mgomba. Akabeba maji kutoka bondeni, akapanda mikuyu na miringaringa kwa mistari. Jua likaua nusu, akapanda tena. Likaua tena, akapanda tena. Mgongo wake ulipinda kabla miti yake haijanyooka.

Namkunda, wa pili, hakupanda hata mche mmoja. Alifyeka njia pana kuuzunguka mlima wote, moto usivuke. Akafukuza mbuzi, akatandika mkeka, akakaa. Watu wakamcheka: "Huyo naye anafuga visiki!" Na kweli alivifuga. Visiki vikachipua polepole, naye alisinzia akisikia mizizi ikinong'ona chini ya mkeka.

Mbazi, kitinda mimba, alisimamisha nguzo hapa na pale, na chini ya kila nguzo akapanda kijichaka cha miti ya matunda ya porini. Halafu akapiga mluzi. Hondohondo wakaja kutoka misitu ya mbali, wakatua, wakala, wakadondosha mbegu za miti ambayo hata majina yake yalikuwa yamesahaulika. Mimi naona alikuwa mvivu, ila uvivu wake ulikuwa na akili.

Mwaka wa saba moto ukapanda kutoka bondeni. Ukafika kwenye njia ya Namkunda, ukafa. Mwaka wa kumi mbegu za ndege wa Mbazi zikatapakaa mlima mzima, zikaota pale tu kivuli cha Kajiru kilipokuwa kimeua magugu, na pale visiki vya Namkunda vilipotanda. Mwaka wa ishirini mawe ya mpaka yalikuwa yamemezwa na mizizi, na ukungu ukapata pa kukaa. Asubuhi moja maji yakatoka ardhini, wala hakuna aliyejua yametoka katika fungu la nani.

Wakamwongoza mama yao, macho yake yamekwisha kufifia. Akanywa. Akalia, maana alikuwa amekata tamaa zamani ila hakumwambia mtu.

"Haya, semeni."

Kajiru akasema, "Mama, bila kivuli changu magugu yangekaba kila mbegu. Mimi nimeutoa mgongo wangu."

Namkunda akasema, "Kaka, bila njia yangu kivuli chako kingekuwa majivu. Nilichekwa miaka ishirini, sikuondoka hata siku moja."

Mbazi akasema, "Dada, visiki vyako ni vya aina nne, na miti ya kaka ni ya aina mbili. Huo ungekuwa msitu gani? Mama, sikiliza huko juu. Sauti zote hizo niliziita mimi."

Nakiete akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akawageukia majirani waliokuja kushuhudia.

"Mimi ndiye niliyewazaa. Siwezi kumtoa hata mmoja. Amueni ninyi."

Na majirani wenyewe ndio ninyi mlioketi hapa, msianze kutazamana! Mapanga yako chini. Watoto wote watatu wamesimama ndani ya maji, wameinamisha vichwa, na kila mmoja ameushika mti ulio karibu naye. Wawili watatoka leo, hawatakanyaga tena humu. Je, nani abaki?