Injini Kubwa ya Sultani Barhani

Hapo zamani, magari yalipokuwa yangali mageni katika mji wa Pangaboma, alitawala Sultani Barhani, aliyekuwa na motokaa ya injini kubwa iliyopanda mlima kana kwamba inateremka. Ila ilikunywa petroli mno. Basi Sultani akawaita mafundi, akawaamuru, "Nataka motokaa yenye injini kubwa, inifikishe kileleni, na mafuta inywe kama ya injini ndogo." Mafundi wakasema haiwezekani, wakatiwa gerezani wote, na mmoja wao alikuwa Mbaruku, kakaye Shekue.

Huyo Shekue alikuwa fukara, na watu walimdhania punguani. Siku alipompelekea kakaye chakula akamkuta amekonda, hata sauti imempotea. Moyo ukamuuma, akaenda moja kwa moja barazani.

"Ewe Mtukufu, motokaa hiyo nitakuletea mimi."

"Na ukishindwa?"

"Niweke gerezani pamoja na kaka yangu Mbaruku. Nimeona nafasi ipo."

Asubuhi akaja na kigari cha kuazima, chenye injini ndogo. Kiti cha nyuma amekitoa, na mahali pake amepakia injini kubwa kuukuu, imefungwa kwa kamba. Sultani akaketi mbele, wakaondoka. Kigari kikapanda kikijikokota, mbuzi wakakipita, kisha bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni akamwamkia Sultani, naye akapita. Jua lilikuwa utosini walipofika kileleni.

"Mafuta yaliyotumika ni haba, Bwana," akasema Shekue.

"Mbona hiyo injini kubwa haifanyi kazi?"

"Bwana wangu, ulitaka motokaa yenye injini kubwa, nayo imo. Kufanya kazi hukutaja. Ingefanya kazi ingekunywa, maana silinda zake ni pana, kila pigo huvuta hewa na petroli nyingi, na nguvu hutoka humo. Ndogo huvuta kidogo, husukuma kidogo. Mafundi walikueleza hayo hayo, ila walikueleza ukiwa umekaa kwenye zulia."

Sultani akamtazama yule bibi aliyekwisha kutua kuni zake akapumzika. Ndipo akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Mafundi wako huru. Nawe wataka nini?"

"Turudi kwa miguu, Bwana. Breki za kigari hiki sikuzijaribu."

Ikawa Sultani akateremka mlima kwa miguu mpaka gerezani, akamfungulia Mbaruku mlango kwa mkono wake mwenyewe.