Taa za Nyuma za Pijo ya Mzee Anyosisye

Taa ya nyuma muulize anayekufuata. Mliisikia jana mkutanoni, mwenyekiti alipomaliza kusifu uongozi wake mwenyewe na Mama Gwantwa akamjibu kwa maneno hayo. Wazee walicheka, ninyi mkatazamana. Leo mmekuja kuniuliza ilikotoka. Kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai, saa moja kasorobo asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Rungwe na kulala juu ya mashamba ya chai. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Siku hiyo Lusajo, mtoto wa Mzee Anyosisye Mwakatobe, alikuwa anaoa.

Mzee Anyosisye alikuwa msimamizi mstaafu wa matengenezo ya barabara. Alikuwa na gari la zamani aina ya Pijo, lenye umri sawa na binti yake mkubwa, Sekela. Injini yake ilikuwa nzima na bodi haikuwa na tundu. Kasoro yake ilikuwa taa. Za mbele zilitoa mwanga wa rangi ya chai ya maziwa, na watani walisema gari lile hutembea na vibatari viwili.

Kwa kuwa Pijo ndiyo ingembeba bibi harusi, mzee aliamua kulitatua tatizo hilo kabla ya siku ya ndoa. Kwanza alibadilisha balbu. Mwanga ukabaki uleule. Ndipo akafuatilia njia ya umeme. Aliona kwamba ulikuwa ukitoka kwenye betri, ukaenda hadi kwenye swichi karibu na usukani, kisha ukarudi mbele kwa waya mwembamba uliochakaa. Ulipofika taani ulikuwa umechoka. Alivuta waya mpya, mnene, kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa. Katikati akafunga relei, kidude kinachopokea amri ya swichi na kuuruhusu umeme upite njia ya mkato. Akakwangua kutu mahali waya zinapofungwa kwenye bodi. Mabakuli ya taa yaliyopoteza mng'ao wake akayatupa, akaweka mengine aliyoyatoa kwenye gari bovu.

Alipowasha, mwanga ulivuka ua, ukavuka migomba, ukagonga ukuta wa jirani. Jirani akatoka na kuuliza mgeni gani amefika.

Zilibaki taa za nyuma. Kioo cha kushoto kilikuwa kimevunjika miaka mingi iliyopita, na mzee alikuwa ameziba pengo kwa kipande cha beseni jekundu. Kioo cha kulia kilikuwa chake chenyewe, ila kilikuwa kimefubaa. Aliliingiza gari bandani, akawasha, akaenda nyuma na kuweka kiganja mbele ya kila taa. Kiganja kikawa chekundu. Akaridhika.

Mkewe, Mama Sekela, alikuwa amesimama mlangoni mwa banda.

"Baba Sekela, na za nyuma je?"

"Zinawaka."

"Zinamwakia nani? Mimi ndiye ninayekusindikiza kila alfajiri ukienda shambani. Kabla hujaupita mgomba wa tatu, sikuoni tena."

"Ni macho yako hayo. Umri."

"Macho haya yanachambua mchele bila miwani."

"Mama Sekela, dereva huendesha akitazama mbele. Nyuma kuna nini?"

"Kuna watu," alijibu, akarudi jikoni.

Mzee alifunga boneti. Habari ya taa za nyuma ikaishia hapo.

Sasa mjue jambo moja la mila. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, hakukutana uso kwa uso na baba mkwe. Hawakuketi pamoja, hawakupishana njiani, hawakusemezana. Kwa hiyo Mzee Anyosisye hakuweza kupanda gari lake siku ile. Sekela ndiye aliyeendesha. Bibi harusi, Bupe, aliketi kiti cha nyuma na shangazi zake wawili. Mzee alipanda pikapu ya mdogo wake, Ambokile, iliyofuata. Mama Sekela alikaa kati yao, na wanawake waimbaji walijaa nyuma chini ya turubai.

Kabla ya kuondoka kwao Bupe kwenda kanisani, baba yake Bupe alikuja kwenye dirisha la pikapu. Alimshika mzee mkono, akasema, "Mwenzangu, toka sasa mtoto huyu ni wako. Mfikishe salama."

"Atafika," alisema Mzee Anyosisye.

Hivyo, kwa mara ya kwanza tangu alinunue, mzee alisafiri nyuma ya gari lake.

Mwanzoni alifurahi. "Tazama mwanga ule! Tazama jinsi unavyopasua ukungu!" Kweli mbele kulikuwa na weupe mkubwa. Lakini barabara ilipoanza kushuka, ukungu ukawa mzito. Wakakata kona ya kwanza, na ule weupe ukapotea.

"Pijo iko wapi?" aliuliza mzee.

"Iko mbele, kaka."

"Mbele wapi?"

"Kaka, mimi naona ukungu tu. Nikienda polepole nitawapoteza. Nikienda haraka nitawapata vibaya."

Mzee aliinama hadi paji la uso likagusa kioo. "Kwa nini Sekela amezima taa za nyuma?"

"Hajazima," alisema Mama Sekela. "Hizo ndizo taa zako."

Mzee alijua Bupe ameketi wapi. Kati ya mgongo wa binti yule na chuma cha pikapu kulikuwa na buti la Pijo na kipande cha beseni, basi.

"Piga honi asimame!" alisema.

Ambokile akapiga honi. Kutoka ndani ya ukungu, Sekela akajibu kwa honi tatu za furaha, na vigelegele vikafuata. Waimbaji chini ya turubai nao wakaitikia.

"Wanashangilia!" mzee alilalamika.

"Unapiga honi harusini, ulitaka walie?" aliuliza Mama Sekela.

Chini ya kona iliyofuata palikuwa na trekta la chai lililosimama katikati ya barabara. Taa mpya za mbele zilimwonesha Sekela trekta lile mapema, akafunga breki bila wasiwasi. Ambokile hakuoneshwa kitu. Aliliona buti la Pijo likiwa limeshamkaribia. Alikanyaga breki, matairi yakateleza, akakata usukani kuelekea mtaroni. Pikapu iliinama upande na kusimama. Kona ya bampa ilikuwa imeigusa Pijo kama mgeni anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Kipande cha beseni kilianguka barabarani.

Wimbo ulikatika. Chini ya turubai sauti moja ikasema, "Nani amekalia kichwa changu?" Hapo wakajua wote ni wazima.

Mzee Anyosisye alifungua mlango na kukimbilia Pijo. Kabla hajafika akakumbuka mila. Akageuka ghafla, akaelekeza uso kwenye mashamba, akapaza sauti: "Nyote wazima humo?"

"Wazima, Baba!" Sekela alijibu. "Mbona unaongea na chai?"

Shangazi mmoja alitoa kichwa dirishani. "Mzee, mkamwana wako ametutuma. Anasema, mbele ya gari hili kumekucha, lakini nyuma bado ni usiku."

Hata mwenye trekta alicheka. Mzee hakucheka. Alisimama akiwapa mgongo watu wote, manyunyu yakimlowesha koti la harusi, na mwenye gari akawa hawezi kulikaribia gari lake.

Wanawake ndio waliomwokoa. Waliteremka, wakatandaza khanga zao kuwa ukuta kati ya kiti cha nyuma na buti. "Pita, shemeji," alisema mke wa Ambokile. "Macho chini. Ukiinua tu, unalipa ng'ombe."

Mzee alipiga magoti. Ndani ya taa ya kushoto alikuta vumbi, utando wa buibui na balbu iliyokuwa nyeusi kama chungu. Boliti ya waya unaorudisha umeme kwenye bodi ilikuwa imeliwa na kutu. Aliikwangua kwa kisu hadi chuma kikang'aa. Alifuta bakuli la taa kwa leso yake nyeupe, akaweka balbu nyingine kutoka kwenye sanduku la zana. Upande wa kulia akafanya vivyo hivyo, na kioo akakisugua. Kwa pengo la kushoto, Mama Sekela alifungua zawadi moja ya vyombo, akatoa karatasi nyembamba ya nailoni nyekundu iliyoifunika. Wakaifunga juu ya taa kwa utepe wa harusi.

"Washa, Sekela!"

Taa ziliwaka. Mkono wa mzee ulianza kuinuka kuelekea kwenye taa, kama kule bandani. Akaushusha.

"Mama Sekela," alisema kwa sauti ya chini, "nenda ukasimame nyuma. Uniambie."

Mama Sekela akapanda kuelekea konani, akaingia ukunguni.

"Hapo unaziona?"

"Naziona!"

"Rudi nyuma zaidi. Na hapo?"

"Naziona!"

"Na hapo?"

Sauti ilitoka mbali. "Baba Sekela, mimi mwenyewe hunioni tena. Lakini taa zako naziona!"

Pikapu ikatolewa mtaroni kwa kuvutwa na trekta, wakaenda. Safari hii Ambokile alifuata nukta mbili nyekundu hadi mlangoni mwa kanisa, na mzee hakuyaondoa macho yake kwazo.

Jioni, kwenye karamu, aliombwa kuwapa maharusi nasaha. Alisimama akiwa ameugeuza uso kando, kama mila ilivyotaka, akasema: "Wanangu, taa zangu za mbele niliziona mwenyewe, nikajisifu. Mke wa mtu akamwambia mumewe za nyuma hazionekani, mume akamjibu ni umri. Taa ya nyuma muulize anayekufuata." Akaketi.

Baada ya hapo kila mtu alifanya lake. Ambokile alinyoosha bampa. Sekela alirudi shuleni kufundisha, na kila mwisho wa muhula akawa anawauliza wanafunzi wake ni somo gani hawakulielewa. Bupe alizaa watoto wanne, na salamu zake kwa baba mkwe zilipitia kwao miaka yote. Mzee Anyosisye alinunua vioo vyekundu vipya, akavuta na waya mpya hadi nyuma. Toka hapo, kila alfajiri alisimamisha gari kwenye mgomba wa tatu na kuita, "Mama Sekela!" Mama Sekela aliitikia, "Nakuona!" Ndipo mzee akaondoka.

Mwenyekiti wenu jana alisema mengi. Hakuna aliyemsikia akiuliza. Taa ya nyuma muulize anayekufuata.