Aliyeligeuza Gitaa la Leka

Sogeeni karibu. Mwenye haraka ya kuhukumu aiache mlangoni pamoja na viatu, ataikuta akitoka.

Pale Kichangani, Morogoro, walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Damasi, muuza mbao. Damasi aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akautegea sikio, kisha akakwambia kama ulikauka kivulini au juani, na kama utapinda mvua zikianza. Hakukosea.

Wa pili ni Selestini, fundi seremala wa vitanda, madawati na majeneza. Mikono yake ukiitazama ni mizito, lakini ikishika randa, hata ubao wenye mafundo ulilainika ukatamani kuulalia shavu.

Wa tatu ni Dorika, fundi wa kusuka mota. Pampu ikiungua, feni ikiungua, inakwenda kwake. Alizungusha waya mwembamba kama unywele huku akihesabu kimoyomoyo, na ukimsalimu katikati ya hesabu hakuitikii, hata ungekuwa mkwe wake.

Na alikuwepo Leokadia, ambaye mtaa mzima ulimwita Leka: dada yake Damasi, shoga yake Dorika, mpiga gitaa. Leka alikuwa mashoto.

Mama yake ndiye aliyeugundua mkono ule kabla ya mtu mwingine, na ndiye aliyeufunga. Leka alikuwa na miaka mitano. Mama Leka alichana kipande cha kanga, akamfunga mkono wa kushoto mgongoni wakati wa kula, akamwambia, "Geuza mkono, mwanangu. Watu watasema sikukufunza." Mtoto alikula ugali kwa mkono wa kulia huku akilia, na watu hawakusema kitu. Mama aliyahesabu yale kuwa malezi.

Leka alipokua akaingia bendi. Gitaa la bendi, kama magitaa yote aliyowahi kuyashika, lilikuwa la mkono wa kulia. Akaomba nyuzi zipangwe upya. Kiongozi wa bendi akacheka: "Gitaa la bendi haligeuzwi. Geuka wewe!" Basi akageuka. Kwa miaka kumi na mbili alilipiga likiwa juu chini, uzi mnene chini, mwembamba juu, vidole vikijipinda kutafuta njia ambayo haikuchongwa kwa ajili yao. Watu walimshangilia. Walishangilia mtu anayetembea na viatu vya mwingine, wakadhani ni madoido.

Akachoka kuomba. Sikilizeni hapo, maana kesi yote imelala hapo: alichoka, akanyamaza.

Mwaka ule figo zikaanza kumsumbua, akaacha bendi. Damasi, Selestini na Dorika wakakaa wakasema, huyu lazima awe na gitaa lake mwenyewe, la umeme, la kwanza. Hakuna aliyewahi kutengeneza gitaa. Wakaazima la bendi, wakaliweka juu ya plaiwudi, wakalizungushia penseli, wakakata kielelezo. Leka alikuwepo. Aliona kielelezo ni cha mkono wa kulia. Hakusema neno.

Damasi alitoa mninga wa kiwiliwili, mvule wa shingo, na kipande cha mpingo cha pale vidole vinapokanyaga. Ule mninga alikuwa ameuweka miaka saba kwa ajili ya kitanda chake cha ndoa. Mchumba wake alipouliza, alimjibu, "Tutalala chini kwanza."

Selestini alitoa mikono. Alichonga miezi miwili, akaiacha oda ya madawati mpaka mwenye shule akamnunia. Dorika alimtania, "Fundi, hicho si kitanda. Usije ukakipigia misumari!" Naye akajibu, "Na wewe, hiyo si pampu. Usije ukatutolea maji!"

Dorika alitoa sauti. Gitaa la umeme bila pikapu ni ubao tu. Pikapu ndiyo inayousikia uzi ukitetemeka na kuupeleka kwenye spika. Alizisuka mbili kwa mkono, kila moja mizunguko elfu nane. Ya kwanza ilikatika kwenye elfu saba na kitu. Alitoka nje, akasimama kidogo, akarudi kuanza upya.

Gitaa likapelekwa wodini, maana Leka alikuwa amekwisha kulazwa, bado halina nyuzi. Mama Leka ndiye aliyelibeba. Leka alilipokea akiwa ameegemea mito, likamlemea, akacheka, "Mama! Fundi ametengeneza gitaa au mlango?" Kisha akalipakata. Mama akaona uso wa mwanawe unabadilika. Mkono wa kulia ulikwenda shingoni wenyewe, vidole vikafika mwisho bila kujipinda. Mkono wa kushoto ukatua pale pa kupigia. Lilikuwa gitaa la mashoto.

Leka alikaa nalo hivyo, anapiga nyuzi ambazo hazipo. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Sikumwambia mtu," alisema. "Mama, kuna mtu alinijua bila kuambiwa."

"Nani?"

"Simjui. Nikiondoka, gitaa mpe aliyenigeuzia. Atajijua mwenyewe." Akafumba macho. "Kumbe kuna mmoja aliyenisikia."

Alifariki siku tatu baadaye. Nyuzi zilikuwa bado ndani ya pakiti. Jeneza alilitengeneza Selestini, na siku hiyo karakanani kwake redio haikusikika.

Matanga yalipokwisha, Mama Leka aliwaita wale watatu, wakakaa mkekani. Gitaa likalazwa katikati. Aliwapa maneno ya marehemu kama alivyoyapokea, hakuongeza wala kupunguza, kisha akauliza, "Nani aliligeuza?"

"Mimi," walisema wote watatu.

Wakatazamana kama watu waliokutana gizani wakagongana vichwa.

"Mama, ni mimi," alisema Damasi. "Jumamosi ile ya kuchora ubao, asubuhi nilileta mninga karakanani. Kielelezo kilikuwa kimekaa kwa upande wa bendi. Nikakumbuka dada alivyokuwa anajipinda. Nikakigeuza kikawa cha mashoto, nikakiwekea jiwe juu, nikaondoka. Sikusema. Nilitaka ashtuke mwenyewe."

"Mama Leka, nisamehe, lakini ni mimi," alisema Selestini. "Mchana nilikikuta kielelezo juu ya ubao. Mimi gitaa la mashoto sijawahi kuliona, nilijua tu kwamba tulichora la kulia na Leka si wa kulia. Nikakigeuza. Nikashika penseli, umeme ukakatika, akaja mtu wa kitanda, nikatoka naye. Niliporudi nilichora bila hata kutazama, kwa kuwa kugeuza nilishageuza."

Dorika alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilipita saa tisa kupima nafasi ya pikapu. Fundi hayupo. Nikasema, huyu mzee wa majeneza atajulia wapi mambo ya mashoto? Nikakigeuza. Mama, nimekaa na Leka dawati moja miaka saba. Viwiko vyetu vilikuwa vinagongana kila tukiandika. Ningesahauje?"

Mama Leka aliunyoosha mkono wake wa kushoto mbele yake, kiganja chini, kama kielelezo kilipokuwa cha bendi. Damasi: akakigeuza juu. Selestini: akakigeuza chini. Dorika: akakigeuza juu. Akarudia tena taratibu, safari hii akimruka mmoja mmoja. Bila Damasi, kiganja kiliishia chini. Bila Selestini, chini. Bila Dorika, chini.

"Mkono wangu ndio wa kwanza," alisema Damasi. "Mngeacha nilivyoacha, lingekuwa sawa."

"Lakini hatukuacha," alisema Selestini. "Nami nisingegeuza, huyu Dorika angekuja akaliharibu."

"Mimi ndiye wa mwisho," alisema Dorika. "Ulipogeuza wewe lilikuwa limerudi kuwa la bendi. Mkono uliomfikia Leka ni wangu."

"Uligeuza ukidhani mimi ni mjinga."

"Na wewe uligeuza ukidhani sisi tumemsahau!"

"Mama," Damasi aliita, "mimi ni mwanao."

"Leo sina mwana," alisema Mama Leka. "Nina kesi."

Aliwaelewa. Hawakuwa wanagombea mninga wala mpingo, maana kati yao hakuna hata mmoja anayejua kupiga, wala hakuna mashoto. Walikuwa wanagombea kuwa yule mmoja. Na kilichomkata maini ni hesabu nyingine ambayo hakuitamka: mwanawe alikufa akiamini amesikiwa na mtu mmoja, kumbe walikuwa watatu, na kila mmoja aliificha zawadi yake kwa wenzake. Laiti wangesemezana! Laiti mmoja wao angekwenda wodini akamwambia tu, Leka, tunajua. Na yeye mama, aliyeujua mkono ule kabla ya wote, hakugeuza chochote. Alifunga.

Dorika akasema libaki kwako basi, mama. Mama Leka akatikisa kichwa. "Alisema aliyemgeuzia. Mimi nilimgeuza yeye."

Sasa nawarudishia ninyi. Na msinijie na majibu ya mkato. Msiniambie waligawane, gitaa si muhogo. Msiniambie lizikwe naye. Ameshazikwa, na amezikwa bila hilo. Msiniambie liuzwe kwa mashoto mwingine. Marehemu hakuacha bidhaa, aliacha neno. Na kiongozi wa bendi, aliyetuma mtu kuliomba likatundikwe ukumbini kwa heshima ya Leka, huyo hata msinitajie.

Wako watatu. Wa kwanza aliligeuza kwa haki, halafu likageuzwa tena. Wa pili kuligeuza kwake kulilipotosha, na bila kupotosha huko lisingenyooka. Wa tatu alilinyoosha kwa kumdharau mwenzake. Wote walimpenda, wote walinyamaza.

Mama Leka amelinyanyua gitaa. Amelishika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao kwao hautolewi kumpa mtu kitu, na kwa mara ya kwanza maishani hajali watu watasema nini. Mkono umenyooka juu ya mkeka na unaanza kushuka, kwa sababu gitaa kweli ni zito kama mlango.

Je, ungekuwa wewe, ungeliachia mbele ya nani?